Mtu wa Kumi kwenye Picha ya Anselmi

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, mzungu mmoja mrefu mwenye kofia ya ukindu alisimama nyuma yangu nikiwa juu ya ngazi, naandika neno MASHINE kwenye ukuta wa mashine ya kusaga ya Mzee Damasi pale Msamala, mjini Songea. Saa naijua kwa sababu mashine iliwashwa saa mbili kamili kila siku, na nilikuwa nimejipimia dakika ishirini za kumaliza herufi tatu zilizobaki kabla vumbi la unga halijaanza kutoka mlangoni na kunasa kwenye rangi mbichi. Hakunisalimu. Alisubiri nimalize E ya mwisho, nikashuka, ndipo akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha kitabuni, "Mkono wako hautetemeki." Nikamwamkia shikamoo, maana alikuwa na mvi. Badala ya kuitikia, alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya kifua changu, na ule mkono ukaanza kutikisika wenyewe, vidole vikigongana kama vya mtu anayehesabu kwa haraka. "Wangu unatetemeka," akasema. "Nimekuja kuazima wako."

Mwezi uliopita binti wa kaka yake mzungu yule aliniandikia kwenye simu kwamba Anselmi, ndilo jina lake, amefariki, akiwa na miaka themanini na tisa, nyumbani kwake, mchana, akiwa amekaa kitini. Aliniambia pia kwamba familia inatengeneza orodha ya kazi zake zote, na kwamba mahali pa mwaka ule wa Songea pako wazi: hakuna mchoro, hakuna picha ya kamera, hakuna barua. Aliuliza kwa adabu kama ni kweli baba yake mdogo alifanya kazi huku, au alikuja tu kupumzika kwa dada yake mtawa aliyekuwa muuguzi. Nilimjibu kwa kifupi kwamba alifanya kazi. Hapa najibu kwa kirefu. Nina miaka arobaini na tisa, shule niliishia darasa la saba, na kila ninachojua juu ya kuuliza, kupima na kuandika nilikipata mwaka ule, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, ndani ya ghala la mahindi. Habari za wazazi na ukoo wangu haziingii hapa, kwa sababu hazikuchangia kitu katika jambo hili. Naandika kwa sababu sikubali mwaka ule uhesabiwe kuwa mapumziko.

Anselmi alikuwa mchoraji wa matukio ya kale. Huko kwao Ufaransa kazi hiyo ilikuwa na heshima zamani, mtu akichora vita au kutawazwa kwa mfalme anapewa ukuta mzima wa jumba la serikali. Lakini yeye alijifunza kazi hiyo wakati watu walikwisha kuichoka. "Nilifika sokoni jioni," aliniambia, "wateja wamekwenda nyumbani, nami ndiyo kwanza natandika mkeka." Kwa miaka thelathini alizunguka miji midogo akichora kwenye kumbi za mabaraza, shule na makumbusho: kuzingirwa kwa mji fulani, tauni, mgomo wa wafumaji, daraja likilipuliwa. Alilipwa kwa urefu wa ukuta. Mkono ulipoanza kutetemeka akaacha, akaja Songea kumwona dada yake kwa wiki sita. Mzee Damasi alisikia habari zake kanisani. Wakati huo Mzee Damasi alikuwa akimalizia nyumba ya wageni karibu na mashine yake, yenye ukumbi wa kulia chakula, na alitaka ukuta mmoja wa ukumbi ule uwe na picha ya siku ambayo Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Majimaji hapa mjini. Kila mtoto wa Songea anaijua siku hiyo kabla hajajua kusoma. Lakini hapakuwa na picha yake kubwa, ya ukuta mzima, na Mzee Damasi alikuwa mtu wa kuta nzima. Wiki sita zikawa mwaka.

Tulifanyia kazi kwenye ghala lililopakana na mashine, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na ukuta wa kutosha kutandika turubai la mita nne kwa mbili na nusu. Magunia yalisukumwa upande mmoja mpaka darini. Kulikuwa na dirisha moja la upande wa mashariki, lenye wavu wa kuzuia panya, na mwanga wake ulikuwa mzuri kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili. Saa mbili mashine ikiwashwa, ukuta ulitikisika na unga ukapita kwenye kila ufa, tukalazimika kufunika turubai kwa mashuka na kutoka. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa saa moja na nusu tu kwa siku. Muda uliobaki ulikuwa wa kusaga rangi, kuchora miraba na kuuliza watu maswali. Siku moja tulichelewa kufunika, na unga ukatua juu ya anga lote tulilokuwa tumelipaka asubuhi ile. Nilitaka kulifuta. Anselmi akasogea, akatazama, akarudi nyuma hatua nane. "Usiguse," akasema. "Huu ndio ukungu wenu wa mwezi wa sita. Mimi nisingeweza kuupata." Anga la picha ile lina unga wa mahindi ndani yake, na mwenye kuandaa orodha aandike hivyo penye vifaa.

Chai tuliinywa jikoni kwa Mama Zuhura, mpishi wa nyumba ya wageni, Myao kutoka Nalasi, mjane, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Alituwekea mihogo ya kuchemsha na korosho alizoletewa na ndugu zake, na akamsomesha Anselmi adabu za meza kama mtoto. "Baba, mkono wa kulia." "Wa kulia unamwaga, Mama." "Mungu anaona unatetemeka. Mwaga, lakini kwa wa kulia." Hapo jikoni ndipo Anselmi aliponinunulia daftari na kunichorea safu tatu. Safu ya kwanza: nani amesema. Ya pili: aliona, au alisikia; na kama alisikia, kwa nani. Ya tatu ilinichukua muda kuielewa: kwa nini ananiambia. "Mchoraji wa matukio ya kale ni mwongo anayelipwa," alisema. "Safu hizi zinapunguza uongo. Haziumalizi." Nikatembea Songea nzima na lile daftari. Wazee niliowahoji walikuwa watoto wa walioona, au wajukuu. Nilijua kamba ilikuwa ya aina gani, watu walisimama upande gani wa kilima, wanawake walikatazwa kulia au hawakukatazwa. Katika hili la mwisho nilipata majibu manne yanayopingana, na Anselmi akachora wanawake wamegeuza migongo, ili asiamue.

Tatizo la kwanza lilikuwa miili. Anselmi hakujua kuchora mtu bila kumsimamisha mtu mbele yake; alitaka mtu avue shati, afungwe mikono nyuma, asimame chini ya boriti na kitanzi shingoni. Hakuna Mngoni aliyekubali. Si kwa sababu ya malipo. Mtu hajifanyi maiti wa ukoo wake; akifanya hivyo amejitabiria, na shangazi zake watalia kabla ya wakati. Anselmi alihangaika wiki mbili, akidhani watu wanataka pesa zaidi, akaongeza dau, na kila akiongeza watu wakazidi kuondoka wakiwa wamekasirika. Mwisho nilimweleza jambo ambalo kwangu lilikuwa wazi mno hata sikufikiri linahitaji kuelezwa: kazi ya maiti ni ya mtani. Mtani ndiye anayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, ndiye anayevaa kofia ya marehemu na kuigiza alivyokohoa, na halimdhuru kitu. Sisi Wangoni na Wahehe tulipigana zamani, na baada ya kupigana tukawa watani. Pale sokoni palikuwa na fundi viatu Mhehe, Chelestini, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mabega mazuri ya kuchora. Nilipomwambia tunatafuta mtu wa kunyongwa badala ya Wangoni, aliweka kiatu chini. "Babu zangu walingoja nafasi hii," akasema. "Saa ngapi?"

Alisimama kwa ajili ya miili yote tisa tuliyoipanga kwenye turubai, ingawa walionyongwa walikuwa wengi zaidi. Ni mtu mmoja mara tisa, ubavu huu, ubavu ule, kichwa kimeinama, kichwa kimeinuka. Ukijua hivyo unamwona. Uso wake tuliuficha kwa vivuli na kwa kugeuza, na nyuso tatu zinazoonekana Anselmi alizitunga. Yeye alipanga na kupaka sehemu kubwa kwa brashi pana aliyoifunga kwenye fimbo ya urefu wa mita moja, maana mtetemo ukipita kwenye fimbo ndefu hupungua. Vidole, macho, midomo na mafundo ya kamba nilichora mimi, yeye amesimama nyuma yangu, akisema maneno yasiyozidi mawili: "Baridi zaidi." "Acha hapo." Na Chelestini chini ya boriti hakuacha kunitania. "Fide, nichore vizuri, mke wangu atakuja kuona." "Wangoni mlishindwa kutumaliza kwa mkuki, sasa mnatunyonga kwa brashi."

Katikati ya mwaka Mzee Damasi alikuja ghalani, akavua kofia mbele ya turubai kama yuko kanisani, akahesabu wanaume kwa kidole. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mnene, mpole wa maneno, aliyewahi kulipia matibabu ya watu wasiomhusu. Sitaki msomaji amfikirie kuwa mtu mbaya. Akasema, "Tisa. Ongezeni wa kumi hapa mbele. Ni babu yangu." Anselmi akamwuliza kama babu yake alinyongwa siku ile. "Alikuwepo," akasema Mzee Damasi. Nami nikaandika kwenye daftari neno hilohilo, alikuwepo, kwa sababu niliona halijibu swali. Kwa kuwa hapakuwa na picha ya babu, alikubaliana na Anselmi kwamba atakaa yeye mwenyewe achorwe uso tu, uso si mwili, na uso huo upunguzwe umri. Alikaa asubuhi tano. Alikaa vizuri, bila kujikuna, akitazama dirisha.

Asubuhi ya mwisho alituita wote tukale mchana kwenye ukumbi mpya, ambao ulikuwa bado unanuka chokaa. Mama Zuhura alipika ugali, dagaa wa Nyasa na nyama ya mbuzi. Chelestini aliingia wa mwisho na kupita moja kwa moja mpaka kwenye sahani ya mwenyeji, akachukua kipande kikubwa cha nyama. "Nkosi, hiki ni cha mtu aliyefanya kazi," akasema, akimwita mfalme kwa Kingoni. "Mimi nimenyongwa mara tisa. Wewe umekaa kwenye kiti." Mzee Damasi akacheka. "Mama Zuhura, fungia mbwa, Mhehe amefika." "Mbwa nimeshamla, nimebakiza panya wenu," akajibu Chelestini, maana wao husutwa kwa kula mbwa na sisi kwa kula panya. Watu wakacheka, na Chelestini akatafuna kwanza, akameza, kisha akasema kwa sauti ileile ya mzaha, "Lakini Nkosi, huyo babu unayemweka penye kamba, si ndiye aliyekata zile nguzo za kunyongea? Sisi kwetu tunasema ukikata mti unajua urefu wake. Yeye alijua urefu wa wote." Mzee Damasi aliendelea kucheka. Ndivyo inavyotakiwa, ukimkasirikia mtani, unatozwa faini wewe. Lakini mimi nilikuwa nimemtazama uso ule asubuhi tano, kwa kazi, sentimita kwa sentimita, na niliona misuli ya chini ya jicho ikiacha kucheka kabla ya mdomo.

Nilichofanya jioni ile ni kosa kwa desturi yetu, na nililifanya nikijua. Maneno ya utani hayatolewi nje ya utani. Yanasemwa, yanachekwa, yanakufa palepale, na ndiyo maana mtu anaweza kuyasema. Mimi niliyaandika kwenye daftari, na jina la Chelestini kwenye safu ya kwanza. Anselmi aliyasoma, akauliza swali lake la siku zote, "Aliona, au alisikia?" Nikamwuliza Chelestini kibandani kwake. Aliacha sindano. "Fide, wewe ni Mngoni. Hilo huliulizi." Nikamwambia nimeshauliza. Akashona mishono sita hivi bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Muulize shangazi yake. Mimi nilisikia msibani kwao, nikiwa kaburini, wazee wao wakisemezana pale juu ya shimo."

Shangazi wa Mzee Damasi, Bibi Agata, aliishi kijijini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini. Alikuwa na miaka themanini na kidogo, ameketi kwenye baraza akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikamwambia nimetumwa na mchoraji, nikaeleza swali lote bila kulizungusha. Hakushtuka. "Baba yangu alikata nguzo," akasema. "Wajerumani walimjia asubuhi wakamwuliza, una shoka? Akasema ninalo. Wakamwambia, kata, au kasimame na wale. Mama alikuwa na mimba ya kaka yangu, baba yake Damasi. Akakata. Walimpa chumvi, pande kama ngumi hii. Mama hakuitia kwenye mboga. Waliilamba mbuzi mpaka ikaisha." Nikamwuliza nani alimweleza. "Yeye mwenyewe. Alilieleza kila mwaka mvua zikianza, hata tukimwomba anyamaze." Nikauliza swali la safu ya tatu: kwa nini ananiambia mimi. Akatupa gunzi kwenye kapu. "Kwa sababu umeuliza. Damasi hajawahi kuuliza." Nilipokuwa naondoka akaongeza, bila mimi kumwomba, "Kama mnamchora, mchoreni na shoka lake. Asiachwe mikono mitupu kama mgeni."

Nilikwenda kwa Mzee Damasi kesho yake, ofisini kwake nyuma ya mashine, tukazungumza kwa kupaza sauti kwa sababu ya kelele. Nilimwambia nilichoambiwa na nani. Hakukana. Hilo namheshimu mpaka leo. Alisema, "Fide, mwanangu. Shangazi atakufa. Mimi nitakufa, na wewe utakufa. Ukuta utabaki. Watoto wa shule wataletwa hapa, wataambiwa, yule ni babu yake Mzee Damasi. Nakuomba nini kikubwa? Alikuwepo pale. Mtoe kwenye miti, umsogeze penye kamba. Hatua sita. Mtu mzima ameteseka maisha yake yote, unamnyima hatua sita?" Nikamwambia siwezi kumchora penye kamba, lakini naweza kumchora. "Utamchora nilipokuonyesha," akasema, bado kwa upole, "la sivyo hela yako utaidai kwa shangazi."

Sitasema kwamba sikuyumba. Hatua sita si nyingi. Asubuhi iliyofuata nilimwambia Anselmi kwamba pengine Mzee Damasi ana haki, kwamba aliyelazimishwa kukata nguzo naye alinyongwa kwa namna yake. Anselmi alikaa juu ya gunia, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili utulie. Alisimulia habari ya mji mmoja wa wafumaji huko kwao, alikochora mgomo wa zamani kwenye ukumbi wa baraza. Wajukuu wa mwenye kiwanda ndio walikuwa wakilipa. Walimwomba aongeze kitu kidogo: mwenye kiwanda akiwagawia wagomaji mkate. "Nikauliza, kuna aliyeona? Wakasema, ingependeza. Nikamchora na kikapu. Ni kazi nzuri, ule mkate ndio bora kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Baada ya miaka kumi nilipita pale, nikakuta watoto wa shule wamekaa sakafuni wanauchora. Mwalimu anawaambia, andikeni, alitoa mkate." Akanigeukia. "Watu kumi na moja walikufa njaa katika mgomo ule, Fide. Mimi nimewalisha wote kwa siku mbili za kazi. Picha hiyo sikuitia sahihi, nikadhani nimejiosha." Nilimwuliza basi anataka nifanye nini. Akasema mkono ni wangu. Akatoka kwenda kunywa chai, akaniacha na turubai, mwanga ukiwa umebaki wa dakika arobaini.

Nilimchora kwa asubuhi kumi na moja. Mahali pa mtu wa kumi niliacha anga na ukungu wa unga. Upande wa kulia, penye miti iliyokatwa, nilimweka kijana mwenye uso wa Mzee Damasi uliopunguzwa miaka arobaini, shoka begani, na ngumi ya mkono wa kushoto imefumba kitu cheupe. Hatazami kamba. Anatazama nje ya picha, kama alivyotazama dirisha. Ni uso bora niliowahi kuchora, na nimechora nyuso nyingi tangu hapo.

Picha ilihamishiwa ukumbini ikiwa imefunikwa shuka, na ilifunuliwa Jumapili baada ya Misa, watu kama thelathini wakiwa mezani, Bibi Agata akiwa ameletwa na kuketishwa kiti cha mbele. Mzee Damasi mwenyewe alivuta shuka. Watu waliwatazama kwanza wale tisa, na wanawake wawili wakaanza kulia kimyakimya. Kisha mtu mmoja wa meza ya nyuma akasema kwa nia njema kabisa, "Mzee, huyu mwenye shoka si ni wewe?" Nikaona vichwa vikigeuka kimoja kimoja, kutoka kwenye picha kwenda kwa mwenyeji, vikirudi kwenye picha. Mzee Damasi alikuwa bado ameshika shuka. "Nani amefanya hivi?" akauliza. Hakupaza sauti.

"Mimi," akasema Chelestini. Alikuwa amekwisha kusimama, mdomo umejaa wali. "Mimi mtani wenu. Mmeninyonga mara tisa, nikasema wa kumi lazima alipe. Nilimshika huyu kijana mkono, nikamwongoza. Nkosi, toa kuku wangu." Kicheko kikaanza meza za nyuma, kikasogea mbele. Niliona mabega ya Mzee Damasi yakishuka; alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Kila mtu pale alijua kinachofuata. Mtani akishasema ni yeye, unampa kitu chake, mnacheka, na jambo limekwisha. Halisemwi tena kama jambo la kweli na yeyote, hata kaburini. Picha ingebaki ukutani. Wageni wangeambiwa, huo ni utani wa Wahehe. Hela yangu ingelipwa Jumatatu. Mama Zuhura alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, akaniambia kwa sauti yake ya chini, "Fide, mwanangu. Sema alhamdulillahi, ukae."

Nilisimama. Nilisema, "Chelestini hakunishika mkono. Nimechora mimi, peke yangu, kwa asubuhi kumi na moja. Aliyenieleza ni Bibi, yuko hapa. Si utani." Kicheko kilikatika vipande vipande, kama mashine inapoisha dizeli. Chelestini alinitazama kama mtu aliyemtupia mwenzake kamba mtoni akaona inarudishwa. Mzee Damasi akasema, "Kijana, mtani ameshakuokoa." "Nimemsikia, Mzee," nikajibu. "Lakini mimi sikuzama."

Bibi Agata aliinuka wakati huo. Alitembea mpaka kwenye turubai, akasimama karibu sana, akapeleka uso karibu na lile shoka, akalifuata kwa macho kutoka ncha mpaka ncha. "Mpini," akasema mwishowe. "Ulikuwa mfupi kuliko huu." Nikamwuliza mfupi kiasi gani. Akaonyesha, kutoka kiwiko chake mpaka ncha ya vidole. Nilikwenda kuchukua brashi na kopo, nikapima kwa mkono wake, nikaufupisha mpini mbele ya watu wote, na hakuna aliyenizuia. Nilipomaliza, Anselmi alinyang'anya ile brashi mkononi mwangu, akapiga magoti kwenye kona ya chini, na kwa mkono wake wa kulia, bila fimbo, akaandika jina lake. Ilimchukua karibu dakika tano. Herufi zimevunjika kila mahali, na moja imerudiwa. Baada ya hapo akaniambia niandike langu kando yake, nikaandika.

Picha ilikaa ukutani siku moja. Jumatatu ilirudishwa ghalani, ikageuzwa uso ukutani, na nijuavyo ipo palepale, imefunikwa, mita nne kwa mbili na nusu, sahihi mbili kona ya chini kulia. Mwenye orodha aiingize. Mzee Damasi hakuwahi kuichoma, ingawa alikuwa na haki ya mwenye mali, na hilo pia naliandika. Anselmi aliondoka mwezi wa tatu. Mimi nilitozwa faini ya jogoo na wazee wa upande wetu, kwa kutoa maneno ya utani nje ya utani. Nililipa, kwa sababu kosa hilo nililifanya kweli. Mshahara wa miezi mitatu ya mwisho sikupewa, wala zawadi niliyoahidiwa ya kumaliza kazi. Ukijumlisha na bei ya jogoo, nilipoteza shilingi laki moja na elfu nane.